Uchambuzi wa kisa: Bedford la mafuta lililofufuliwa Mtwara, na kwanini lilisumbua kuuzika

Hiki kisa ni cha kweli, majina nimeyatoa yote, mtaa nimeutoa, na figa za pesa nimezisogeza kidogo kwa uwiano mmoja ili mtu asije akajijua kupitia hesabu. Mimi niliingia katikati, familia iliniomba nisimamie mauzo baada ya lori kuwa limeshapakwa rangi na limeshakaa sokoni bila mtu kutoa hela. Naandika kwasababu huku Kusini bado kuna malori ya zamani mengi yamelala nyuma ya nyumba za watu, na naona vijana wengi wameanza kuyafufua wakiamini yana pesa. Pesa ipo kweli, ila inakuja kwa njia ambayo wengi hawaipigii hesabu mapema.

Lori lenyewe na lilikotoka

Ni Bedford TK, lile lenye kebini bapa mbele. Hizi zilianza kutoka kiwandani Uingereza mwaka 1960, zilikuwa zinatengenezwa Dunstable, na zilijaa Afrika Mashariki nzima mpaka watu wakawa wanaita kila lori la umbo lile Bedford tu. Kitu kinachozitofautisha ni kwamba injini haiko mbele wala chini ya kebini ya kuinua, iko nyuma ya viti, na unaifikia kwa vifuniko viwili vya pembeni, kimoja kila upande nyuma ya mlango. Ukivifungua unaona injini ubavuni kabisa, fundi anafanya kazi amesimama chini. Hivi vifuniko vikumbuke, vina sehemu yao huko mbele.

Mgongoni lina tenki la chuma la umbo la yai, galoni 1,200, yani kama lita 5,455, limegawanywa vyumba vitatu vya galoni 400 kila kimoja. Kila chumba kina mfuniko wake juu, kina valvu yake chini, na kina fimbo yake ya shaba ya kupimia yenye alama za galoni. Mzee marehemu aliyelimiliki alikuwa anabeba petroli chumba kimoja, dizeli kingine na mafuta ya taa kingine, anapandisha kutoka Mtwara kwenda Masasi, Nachingwea, na wakati mwingine Newala.

Ili uelewe thamani yake kwa watu wa huku lazima ukumbuke hali ya Kusini ya zamani. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mradi ukafa, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kila kitu kikabaki kwenye barabara za udongo. Na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, masika ikikolea kivuko kikisumbua basi Lindi na Mtwara tulikuwa kama tuko kisiwani. Kwahiyo mtu mwenye lori dogo la mafuta linaloweza kupita kwenye tope alikuwa mtu mkubwa, mashine za kusaga zinamsubiri, taa za watu zinamsubiri, magari ya korosho yanamsubiri. Wazee wa Masasi ukiwaonyesha picha ya lile tenki wanamtaja mwenye lori kwa jina kabla hujasema kitu.

Lilisimama miaka ya tisini kwa kukosa spea. Mzee akafariki. Likabaki chini ya mwembe.

Kilichotokea, kwa mpangilio wake

Mtoto wa kiume wa marehemu, nitamwita Muuzaji, alipata hela nzuri ya korosho msimu mmoja, akaamua kulifufua. Nia yake ya kwanza wala haikuwa biashara, alitaka litembee tena. Akampata Fundi mmoja mzuri sana wa malori pale Mtwara mjini, mtu wa kazi safi, wakaanza.

Walianza na kinachoonekana. Kebini ilitolewa kutu, ikapigwa puti, msasa, praima, halafu rangi mbili. Viti vikashonwa upya. Tairi na ringi zikabadilishwa. Ikafika injini, na hapo ndipo uamuzi mkubwa wa kwanza ulifanyika bila watu kujua ni mkubwa. Injini ya asili ya silinda sita ilikuwa imejikaza, pistoni hazisogei, na spea zake hazipo Mtwara, hazipo Dar kirahisi, mpaka uagize nje. Fundi akashauri waweke Isuzu 6BD1 iliyotumika, dizeli ya silinda sita pia, spea zake zipo kila kona. Ikaingia vizuri tu, ila ule mfuniko wa pembeni upande wa kushoto ukawa haufungi mpaka mwisho, wakaukata kidogo chini wakaukunja. Injini ya zamani ikaenda kwa watu wa skrepa, kwa kilo.

Tenki likawa la mwisho. Kwa nje lilionekana zima, lakini Fundi alipogonga kwa nyundo ndogo chini ya mikanda inayolibana kwenye chesisi sauti ikabadilika, badala ya kulia likawa linabweka. Wakafungua mikanda, wakakuta chuma kimeliwa kwa nje na chumvi ya pwani iliyokaa pale kwenye unyevu, na kwa ndani pia kimeliwa, kwasababu maji siku zote hukaa chini ya mafuta, yanajikusanya kwenye kina cha tenki na kula chuma taratibu. Sehemu mbili zilihitaji kukatwa na kuwekwa viraka.

Hapo walikaribia msiba. Kijana wa gereji alikuwa tayari ameshaweka mtungi wa gesi na bomba la kuchomelea, anasema tenki limekaa tupu miaka na miaka, halina hata harufu. Bahati nzuri Fundi alimzuia kwanza, akapiga simu kwa mtu anayemfahamu aliyewahi kufanya kazi ya usalama kwenye mitambo ya gesi upande wa Msimbati na Madimba. Yule bwana alikuja na kipima gesi, na chumba cha katikati kikasoma. Tope kavu lililoganda chini lilikuwa bado limeshika petroli ndani yake.

Baada ya hapo ndio likaoshwa kwa mvuke, chumba kimoja kimoja, likaachwa wazi lipigwe hewa, likapimwa tena, halafu wakati wa kuchomelea kila chumba kikajazwa maji mpaka karibu na sehemu inayochomelewa ili nafasi ya hewa ibaki ndogo. Viraka vikawekwa, lori likapigwa picha, likatangazwa kwa milioni 60. Gharama yote hadi hapo ilikuwa kama milioni 46.

Wanunuzi watatu waliokuja serious

Wa kwanza alikuwa mkusanyaji wa magari ya kale, Mwingereza, alipata picha mtandaoni. Aliandika vizuri, akaomba vitu vitatu tu: picha ya namba ya chesisi, picha ya namba ya injini, na picha za chini ya tenki. Muuzaji akamtumia. Kesho yake jibu likaja la heshima, kwamba lori ni zuri ila yeye anatafuta lenye injini yake ya asili, na kwa hilo hawezi kuendelea. Hakurudi tena.

Wa pili alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Newala. Huyu alikuja na hela taslimu, milioni 45. Ukijua hali ya uwanda wa Makonde utaelewa kwanini. Kule juu ardhi ni mchanga unaomeza mvua yote, mito hakuna, Newala na Tandahimba watu wamezoea kununua maji ya boza, na kiangazi kikikaza mwenye boza anafanya biashara usiku na mchana. Alilizunguka lori, hata kebini hakuifungua.

"Mwanangu, mimi na rangi sina shida, shida yangu tenki. Nitalisugua na omo, maji ya kwanza tunamwaga, ya pili tunamwagilia migomba, ya tatu yanaingia mtaani."

"Mzee wangu, hilo tenki limebeba petroli ya zamani ile yenye risasi. Haitoki kwa omo."

"Si mmeliosha kwa mvuke nyie?"

"Tumeliosha lisilipuke mzee. Kunywewa ni kitu kingine."

Mzee hakukasirika lakini hakuelewa pia, na ndugu wawili wa Muuzaji walikuwa pale pale wanasikia milioni 45 inaondoka.

Wa tatu alikuja baadaye sana, mwenye kituo cha mafuta mkoa wa Lindi anayefungua kituo kipya barabarani. Alitaka kulisimamisha mbele ya kituo, watu wapige picha, na mara moja moja litembee kwenye sherehe. Akatoa milioni 38.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kumkatalia mzee wa Newala ndio uliogombaniwa zaidi kwenye familia, na mimi nilisimama upande wa kukataa waziwazi. Sababu zilikuwa mbili na zote nzito. Ya kwanza ni risasi, yani ile metali yenye sumu iliyokuwa inachanganywa kwenye petroli zamani. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na hili lori lilifanya kazi yake yote kabla ya hapo, kwahiyo kila petroli iliyowahi kupita mle ilikuwa ya risasi. Ile risasi inakaa kwenye kutu na tope la ndani, inakaa kwenye maungio, inakaa nyuma ya zile mbavu za ndani zinazovunja mawimbi ambako hakuna brashi inafika. Mtoto akinywa risasi kidogo kidogo kila siku inamharibu ubongo na huoni kwa macho mpaka ameshachelewa shule. Huwezi kumuuzia mtu kitu hicho halafu ukasema shauri yake, kwasababu sio yeye atakayekunywa, ni mtaa mzima.

Ya pili ni uzito, na hii hata mzee mwenyewe aliielewa haraka zaidi. Petroli ya lita 5,455 ina uzito kama tani 4. Maji ya ujazo ule ule ni karibu tani 5 na nusu. Tani moja na nusu kasoro imeongezeka juu ya springi na breki za lori la zaidi ya nusu karne, halafu unashuka nalo ukingo wa Newala wenye kona zile. Tenki na chesisi vilipangwa kwa ajili ya mafuta tangu mwanzo.

Kulirudisha kazini kubeba mafuta pia tulilitafakari na tukaliacha. Lori la mafuta la biashara lazima tenki lipimwe na kuwekewa lakiri na Wakala wa Vipimo, msafirishaji awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na zile fimbo za galoni hazina kazi hapo maana kila kitu ni lita. Kitaalamu labda ungeweza kulifikisha huko, lakini tenki lenye viraka, la umri ule, kwenye barabara ya leo yenye bodaboda na mabasi? Baada ya yale ya Msamvu Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 wamekufa kwa lori moja lililopinduka, mimi sikuwa tayari hata kuliandika kwenye tangazo kwamba linafaa kwa kazi.

Kwahiyo tukabaki na mtu wa Lindi. Lakini kabla ya kumuuzia ikaibuka kitu kingine ambacho kingeweza kuua dili zima: kadi ya gari ilikuwa bado jina la marehemu, namba za mfumo wa zamani, na mirathi haijafunguliwa. Na huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wamwera, ukoo wa upande wa mama una sauti yake. Wapwa wa marehemu walikuja kwa adabu kabisa, wakakaa, wakasema lori la mjomba haliondoki bila wao kuulizwa, na kwamba wawili kati yao ndio waliokuwa wanapanda nalo kama matingo enzi zile. Watoto wakasema mzee alikuwa Muislamu na mirathi ina taratibu zake. Ilikaribia kuwa kesi. Kilichosaidia ni kikao cha ukoo kilichoandikwa muhtasari, mjomba mkubwa wa upande ule akapewa nafasi ya kwanza kuongea, msimamizi wa mirathi akapendekezwa pale pale kwa jina, na muhtasari pamoja na cheti cha kifo vikapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mnunuzi aliambiwa ukweli asubiri, akasubiri. Wa Uingereza asingesubiri, nina uhakika.

Kwenye mkataba tuliweka kifungu kwamba tenki halitabeba maji ya kunywa wala chochote cha kuliwa, na kwamba sharti hilo linamfuata yeyote atakayelinunua baadaye. Karatasi hupotea, kwahiyo tukapigilia kibati kwenye kila mfuniko wa juu chenye maneno hayo hayo. Mnunuzi akaenda mbali zaidi, akaomba kila chumba kitobolewe mashimo chini, tenki lisiweze kushika kimiminika kabisa na hewa ipite, kwasababu linasimama mita chache kutoka kwenye pampu zake. Fundi aliumia, kuna watu wangesema ni kuharibu kitu cha kale. Mimi nilikubali mara moja.

Matokeo

Liliuzwa milioni 38. Hasara kwenye makaratasi ni milioni 8 ukilinganisha na gharama, bila kuhesabu muda wa Muuzaji. Pesa iligawanywa kwa utaratibu wa mirathi baada ya Muuzaji kurudishiwa sehemu kubwa ya alichotumia, na wapwa wawili matingo walipewa kitu chao kwa makubaliano ya familia. Kadi imehamishwa. Mzee wa Newala alinunua tenki jipya la plastiki akaliweka kwenye Fuso, tulimsaidia kumpata muuzaji Dar.

Nini kilienda sawa na nini hakikwenda

Kilichookoa kisa hiki kuliko vyote ni kile kitendo cha kuzuia moto usiguse tenki. Watu wengi wanaamini tenki lililojaa ndilo hatari, kumbe tupu ndilo linalolipuka, kwasababu mvuke wa petroli unashika moto ukichanganyika na hewa kwa kiasi kidogo tu, kuanzia kama asilimia moja na nusu hivi mpaka saba na kidogo. Chumba kikijaa mafuta hakuna hewa ya kutosha. Kikiwa na tope la zamani na hewa tele, halafu ukakipasha joto, umekitengenezea mchanganyiko wenyewe. Na mvuke ule ni mzito kuliko hewa, unalala chini, ndio maana pua ya mtu aliyesimama juu kwenye mfuniko haisikii kitu. Kijana wa gereji hakuwa mzembe, alikuwa anafanya kama alivyoona wengine wanafanya kwa madebe na mapipa. Jambo lingine ambalo halikufanyika vizuri hapo ni kwamba kabla ya kipima gesi kuja, kuna vijana waliingia ndani kukwangua tope kwa mikono mitupu. Tope la petroli ya risasi linapita kwenye ngozi na vumbi lake linaingia kifuani, hiyo kazi inataka glavu, barakoa, mtu wa kusimama nje, na nguo za kufuliwa mbali na za watoto.

Kilichoharibu bei ni mpangilio wa kazi. Walianza na rangi wakamalizia na tenki, wakati tenki ndio linalofanya lori hili liwe tofauti na Bedford nyingine yoyote. Lingekutwa limeoza kabisa, milioni nyingi za kebini zingekuwa zimeshaenda. Na mikanda ilivyofunguliwa rangi ya ubavuni ikachubuka, ikapakwa tena, hiyo nayo ni hela.

Bei nayo ilipangwa kwa kujumlisha risiti na kuongeza faida, halafu ndio wakatafuta mtu wa kuilipa. Lakini lori la hivi halina soko moja. Mkusanyaji analipia uhalisia, mtu wa boza analipia lita, mtu wa kituo analipia muonekano, na kila mmoja haoni thamani ya alicholipia mwenzake. Milioni 14 za injini na gia boksi kwa mtu wa Lindi zilikuwa hazina maana sana, yeye angechukua hata linalosukumwa. Kwa Mwingereza zilikuwa minus.

Kuhusu hiyo injini mimi na Fundi hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anasema bila Isuzu lori lisingetembea na Muuzaji alitaka litembee, na ni kweli, furaha ya siku lilipozunguka uwanja wa gereji huwezi kuipigia bei. Mimi naona kubadilisha injini halikuwa tatizo, tatizo ni kuuza ya zamani kwa kilo. Ingefungwa kwenye turubai ikawekwa kona ya banda pamoja na kile kipande cha mfuniko kilichokatwa, Mwingereza angepewa picha ya injini yenye namba yake na angekuwa na cha kufikiria. Nilienda kwa yule mtu wa skrepa kuulizia, alikumbuka kabisa, akasema ilipakiwa na mzigo wa Dar msimu ule ule.